Kabla ya kuingia soko la kripto, tafuta mlango wa kutokea

Swali ni lile lile kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya vijana wanaofanya kazi za mtandaoni: "Wasee, nitumie soko gani la kripto?" Majibu nayo huja mbio. Mmoja anakwambia Binance, mwingine Bybit, wa tatu anarusha linki ya programu ambayo hujawahi kuisikia na kukuahidi bonasi ukijisajili kupitia kwake. Ndani ya dakika kumi watu wanabishana kama mashabiki wa Gor na AFC, na aliyeuliza bado hajui aende wapi.

Wanachobishania huwa ni ada. Nani anakata kidogo. Mimi nasema ada ni swali la nne au la tano. La kwanza ni hili: siku mambo yakiharibika, pesa yako itatokaje? Kwa Kenya swali hilo limepata uzito mpya, maana sasa tuna sheria, tuna ushuru mpya, na kuna pengo katikati ambalo matapeli wameshaliona. Twende polepole.

Pesa ikiwa ndani, ni ya nani?

Kuna jambo matangazo hayakwambii. Ukinunua Bitcoin au USDT ukaiacha kwenye akaunti ya soko, kile unachokiona kwenye skrini ni deni ambalo kampuni inadaiwa nawe. Sarafu zenyewe ziko kwenye pochi za kampuni, na funguo za siri zimeshikwa na kampuni. Wewe umeshika ahadi. Ni kama kumwachia mwenye duka la mtaa akiba yako: daftari linasema ana elfu tano zako, lakini ukikuta duka limefungwa, daftari halikununulii unga.

Historia ya biashara hii ina makaburi ya kutosha. Mt. Gox lilikuwa Tokyo, na kwa wakati wake ndilo lililokuwa soko kubwa zaidi la Bitcoin duniani. Februari 2014 lilianguka likisema limepoteza takriban Bitcoin 850,000. Baadaye kama 200,000 zilipatikana kwenye pochi ya zamani. Wateja walianza kurudishiwa sehemu ya mali yao Julai 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshafika Gredi ya Nne.

Halafu kuna FTX, ambayo wengi wetu tuliiona ikianguka moja kwa moja kwenye simu. Novemba 2022 watu walikimbilia kutoa pesa, kampuni ikafunga mlango, na baada ya siku chache ikatangaza kufilisika. Ikabainika kwamba pesa za wateja zilikuwa zimepelekwa kwa Alameda Research, kampuni dada ya mwanzilishi Sam Bankman-Fried. Machi 2024 alihukumiwa miaka 25 jela. Utasema, si wateja walilipwa? Walianza kulipwa, ndio, mwaka 2025. Lakini walilipwa kwa dola, kulingana na thamani ya sarafu zao Novemba 2022, wakati Bitcoin moja ilikuwa chini ya dola 20,000. Aliyekuwa na Bitcoin mle ndani aliitazama ikipanda zaidi ya mara nne huku faida ikienda kwingine. FTX ilikuwa na tangazo la Super Bowl na jina lake kwenye uwanja wa mpira wa vikapu Miami. Kwa hivyo ukubwa wa jina peke yake usikulaze usingizi.

Sasa linganisha na Bybit. Februari 2025 wezi walichota Ether za takriban dola bilioni 1.5, na FBI ikanyooshea Korea Kaskazini kidole. Wakati huo ulitajwa kuwa wizi mkubwa kuliko wote katika historia ya kripto. Lakini Bybit liliacha mlango wazi, watu wakaendelea kutoa, na kampuni ikaziba pengo kwa mikopo na kwa kununua Ether nyingine. Au chukua LocalBitcoins la Finland, ambalo vijana wengi wa Nairobi walianzia hapo. Februari 2023 lilitangaza kwamba linafunga, likawapa watu muda wa kutoa vitu vyao, kisha likafunga kweli.

Unaona tofauti? Soko lolote linaweza kuibiwa na soko lolote linaweza kufunga biashara. Kipimo ni kama mteja aliweza kutoka. Hilo ndilo la kutafuta kwenye historia ya kampuni kabla hujajisajili: je, limewahi kusimamisha utoaji? Kwa muda gani? Lilisema nini? Paxful, ambayo ilipendwa sana hapa kwetu, ilisimama ghafla Aprili 2023 kwa sababu ya ugomvi wa waanzilishi, ikarudi, kisha Novemba 2025 ikaanza kufunga kabisa. Aliyekuwa anasoma dalili alikuwa na miaka miwili ya kuhama.

Baada ya FTX, masoko mengi yalianza kuchapisha ushahidi wa akiba, yaani kuonyesha hadharani sarafu walizoshikilia. Ni hatua nzuri, na soko lisiloonyesha chochote liko nyuma. Ila kumbuka ushahidi huo ni picha ya siku moja. Unaonyesha kilicho kabatini. Hauonyeshi madeni yote ambayo kampuni imeweka kwingine.

Sheria ipo, leseni je?

Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilituonya kwamba Bitcoin si pesa halali hapa nchini na kwamba soko likianguka hakuna ulinzi. Karibu miaka kumi tukabaki hapo: hairuhusiwi wazi, haikatazwi wazi, kila mtu na bahati yake. Agosti 2023 foleni za Worldcoin zikajaa KICC watu wakipigwa picha za macho wapate sarafu za kama elfu saba. Serikali ikasimamisha shughuli, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Kwa vijana wengi, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza kumiliki kripto, na siku ya pili walikuwa wanauliza itageuzwaje kuwa M-Pesa. Nchi ilikuwa na watumiaji wengi na haikuwa na sheria mahususi ya kripto.

Mambo yakabadilika 2025. Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali Oktoba 15, na ikaanza kutumika Novemba 4. Kazi ya usimamizi wamegawana Benki Kuu (CBK) na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Kampuni inatakiwa ipate leseni, iwe na ofisi hapa nchini, na itenganishe mali ya wateja na mali yake. Hilo la mwisho ndilo lingewaokoa wateja wa FTX. Presha ya nje pia ilichangia: tangu Februari 2024 Kenya iko kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika linalofuatilia utakatishaji wa pesa duniani, na kripto isiyosimamiwa ilikuwa moja ya mapengo ya kuzibwa.

Hapo sawa. Sasa pengo liko hapa. Novemba hiyo hiyo CBK na CMA walitoa notisi ya pamoja wakisema hawajampa mtu yeyote leseni chini ya sheria hii, na kwamba kanuni za utekelezaji zilikuwa bado zinaandaliwa. Yaani sheria inasema leseni ni lazima, lakini kaunta ya kutoa leseni ilikuwa haijafunguliwa. Katika nafasi hiyo kila mjanja anaweza kukwambia ati "tumeidhinishwa na serikali".

Basi shika haya mawili. Cheti cha kusajili kampuni si leseni. Hata kibanda cha smokie kinaweza kusajiliwa kama kampuni. Na leseni ya Dubai au ya Ulaya inamlinda mteja wa kampuni iliyoko Dubai au Ulaya. Jina moja la soko linaweza kuwa na kampuni kumi nyuma yake. Fungua masharti, tafuta inaposema mkataba wako uko na kampuni gani na kesi itasikizwa nchi gani. Kama jibu ni kisiwa ambacho huwezi kukipata kwenye ramani, jua utakuwa unalilia wapi. Mtu akikuonyesha leseni ya Kenya, usiangalie picha aliyokutumia. Nenda kwenye tovuti ya CBK au CMA utafute jina mwenyewe.

Ada: mnabishania shilingi kumi na moja

Sasa turudi kwa ule ubishi wa WhatsApp, na tupige hesabu. Chukua elfu kumi.

Ada ya kawaida ya kununua na kuuza kwenye soko kubwa kama Binance ni asilimia 0.1. Kwa elfu kumi hiyo ni shilingi kumi. Bunge kupitia Sheria ya Fedha ya 2025 liliondoa ile kodi ya asilimia 3 ya mali za kidijitali iliyoanza Septemba 2023, ambayo ilikuwa inakata thamani yote ya muamala hata kama umepata hasara. Badala yake kuanzia Julai 2025 kuna ushuru wa asilimia 10 juu ya ada pekee. Asilimia 10 ya shilingi kumi ni shilingi moja. Jumla kumi na moja.

Kumbe gharama kubwa iko wapi? Iko kwenye bei. Tuseme dola ni 129, na kwenye P2P, ile biashara ya mtu kwa mtu, wauzaji wanakuuzia USDT kwa 131 na wanunuzi wanainunua kwako kwa 128. Hii ni mifano ya bei tu, itabadilika kila saa. Elfu kumi yako inakupa USDT 76.34. Ukibadilisha mawazo dakika hiyo hiyo ukaiuza, unarudi na 9,771. Umepoteza 229, na jukwaa lilikuwa limekuandikia "ada sifuri". Ongeza shilingi 90 za kutuma elfu kumi kwa M-Pesa, umefika 319. Zaidi ya asilimia tatu imeyeyuka na hujafanya chochote.

Kwa hivyo ukitaka kulinganisha masoko mawili, usilinganishe ukurasa wa ada. Uliza: nikiingiza shilingi hizi leo na kuzitoa leo, nitarudi na ngapi? Fungua programu zote mbili saa moja, angalia bei ya kununua, bei ya kuuza, ada ya kutoa sarafu, na gharama ya M-Pesa. Aliye na watu wengi wa kununua na kuuza shilingi za Kenya kwa kawaida atakushinda hata kama ada yake iko juu kidogo, kwa sababu ushindani wao unabana ile nafasi kati ya bei mbili.

Na usisahau KRA. Kuondolewa kwa ile asilimia 3 hakujafanya mapato yako yawe ya bure. Kama unalipwa kwa USDT kwa kazi ya kuandika, kutafsiri au kudizaini, hicho ni kipato kama kipato kingine.

P2P: hatari iko upande wa shilingi

Kwa wengi wetu P2P ndiyo daraja la kwenda na kutoka M-Pesa. Daraja hilo limewahi kukatwa. BitPesa, kampuni iliyoanzia Nairobi 2013, ilijikuta mahakamani na Safaricom mwaka 2015 baada ya huduma ya M-Pesa iliyokuwa inaitegemea kusimamishwa, na mahakama haikuagiza irudishwe. Hiyo inakufundisha kwamba soko linaweza kuwa zima kabisa na bado ukakwama, kwa sababu njia ya shilingi ni ya mtu mwingine.

P2P inafanya kazi hivi. Muuzaji anaweka tangazo, jukwaa linafungia sarafu zake, mnunuzi anatuma M-Pesa na kubonyeza kwamba amelipa, muuzaji anahakikisha na kuachilia. Sarafu hazina shida hapo, jukwaa limezishika. Wizi unatokea kwenye shilingi, kwa njia tatu.

Ya kwanza ni meseji feki. Imeandikwa vizuri, ina kodi ya muamala na kila kitu, lakini salio lako halijaongezeka. Dawa: usiamini meseji, piga *334# au fungua programu ya M-Pesa uangalie salio.

Ya pili ni mtu kukutumia pesa kisha kuomba irudishwe. Kila Mkenya anajua 456. Kama sarafu umeshaachilia na shilingi zimezuiwa, umebaki kutoa maelezo.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na haizungumziwi vya kutosha. Mnunuzi kwenye jukwaa anaitwa jina moja, lakini M-Pesa imeingia kwa jina lingine. Unadhani ni ndugu yake. Kumbe kuna mama mahali ametapeliwa, ameambiwa atume pesa kwa namba yako, na tapeli ndiye anayepokea USDT. Mama akienda polisi, namba iliyo kwenye karatasi ni yako. Sasa wewe ndiye mshukiwa, laini au akaunti yako ya benki imefungwa, na huna bidhaa ya kuonyesha kwamba uliuza. Sheria ni moja: jina la M-Pesa lisipofanana na jina lililothibitishwa kwenye jukwaa, usiachilie. Fungua malalamiko pale pale, na mazungumzo yote yabaki ndani ya programu. Anayekuvuta Telegram ili "mfanye haraka" anakutoa mahali ambapo kuna shahidi.

Hapa ndipo utaona tofauti ya kweli kati ya jukwaa na jukwaa. Je, linaonyesha jina kamili la mwenzako? Linaonyesha amefanya biashara ngapi na kwa muda gani? Ukifungua malalamiko, kuna binadamu anayejibu, ama ni roboti inakupa pole? Mimi niliwahi kukaa siku tisa jukwaa moja likitaka nithibitishe kitambulisho upya, na pesa ya kazi ya mwezi mzima ikiwa ndani. Nilituma picha zile zile mara nne, nikajibiwa na watu wanne tofauti wakiniuliza swali moja. Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya roboti. Basi jaribu huduma kwa wateja kabla hujaihitaji: waandikie swali la kawaida, uone watachukua muda gani.

Jaribio la elfu moja

Kabla ya kuweka pesa ya maana, weka elfu moja. Nunua, uza, toa hadi irudi kwenye M-Pesa. Itakugharimu shilingi chache na utajua njia yote.

Ila jihadhari, jaribio hili halitoshi peke yake. Majukwaa ya uongo yanakuacha utoe kidogo mara ya kwanza makusudi, ili urudi na kubwa. Dalili zao ni nyingine. Soko halisi linakubadilishia sarafu na kukata ada. Halikuahidi faida ya kila siku. Halikulipi kwa kuleta marafiki wanaoweka pesa chini yako. Na ukitaka kutoa, halikwambii utume "kodi" au "dhamana" kwanza. Ukisikia neno hilo, pesa imeshaenda, usiongeze nyingine kuifuata.

Ufunguo ukiwa wako

Kuna wanaosema jibu ni kuachana na masoko na kuweka sarafu kwenye pochi yako mwenyewe, yenye yale maneno 12 au 24 ya siri. Wana hoja. Soko likifa, pochi yako haijui. Lakini hapo pia hakuna pa kupiga simu. Ukipoteza maneno hayo, hakuna wa kukurudishia. Ukiyapiga picha na simu iporwe pale Odeon ikiwa wazi, umempa mwizi ufunguo. Ukituma USDT kupitia mtandao wa Tron kwenda anwani inayopokea mtandao mwingine, inaweza kupotea moja kwa moja. Yaandike kwenye karatasi, yaweke mahali mbili, na kila mara tuma kidogo kwanza.

Basi uende wapi?

Inategemea wewe ni nani. Kama unalipwa USDT na unataka shilingi wiki hii hii, unachohitaji ni P2P yenye wauzaji na wanunuzi wengi wa shilingi za Kenya, majina yanayoonekana, na mfumo wa malalamiko unaofanya kazi. Usiiache ikae. Ingiza, geuza, toa.

Kama unanunua kidogo kidogo uweke miaka, soko ni la kununulia tu. Ikifika kiasi ambacho kukipoteza kutakufanya ushindwe kulala, jifunze pochi yako na uhamishe.

Kama unafanya biashara ya kununua na kuuza kila siku, utalazimika kuacha pesa sokoni. Basi gawanya kwenye masoko mawili yenye historia ya kulipa, na uwe na kikomo. Pesa ya rent na ya fees ya mdogo wako haina kazi pale.

Na kwa wote: fuatilia orodha ya CBK na CMA. Siku kampuni itapewa leseni ya kweli hapa Kenya, yenye ofisi unayoweza kuingia na mali ya wateja iliyotengwa, hesabu itabadilika. Huenda bei yake ikawa juu kidogo kuliko ya wale wa ng'ambo. Mimi nitalipa hiyo tofauti, kwa sababu shilingi hamsini zaidi ni bei nafuu ya kujua mlango uko barabara gani na unafunguliwa saa ngapi.

Hadi siku hiyo, mtu akikuuliza kwenye grupu atumie soko gani, usimtajie jina. Muulize anataka kutoa lini.